Wino Mwekundu

Ghati aliifuta barua yake kwa mara ya nne, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Maji ya chai yalikuwa yamechemka na kupoa bila kumiminwa. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini mchana. Kule Mwanza ilikuwa saa tatu na ushei usiku, na Vaileth, binti wa mdogo wake, alikuwa amekaa kwenye duka la intaneti akingoja. Duka lilifungwa saa nne.

Asubuhi mdogo wake huyo, Robi, angefanyiwa upasuaji wa tumbo.

Miaka mitatu Robi hakusema na dada yake. Mama yao alipozikwa Tarime, Ghati alikuwa hapa Hyattsville, karatasi zake za uhamiaji hazijatoka, hana njia ya kusafiri. Alieleza kwa simu. Robi akakata. Kila alipopiga tena, simu iliita mpaka ikachoka. Lakini juzi Vaileth aliandika: "Mama mkubwa, mama amesema ukiandika atasoma. Nitaichapisha nimpelekee wodini kabla hajaingia."

Ghati aliketi tena mbele ya kompyuta ya bintiye Edna, akaanza kugonga kwa kidole kimoja. *Mdogo wangu Robi, pokea salamu zangu.* Hata hajavuta pumzi, mistari myekundu ikatambaa chini ya kila neno.

Kwao, tangu alipokuwa binti, barua ya wino mwekundu ilikuwa na maana moja: sitaki tena undugu nawe. Shangazi yake aliletewa moja kutoka kwa mumewe, akafunga virago siku hiyo hiyo, hata hajaisoma yote. Na Robi alilelewa nyumba ile ile. Angeiona rangi kabla ya neno.

Honi ikalia chini. Ikalia tena. Alikuwa Anysie, mwanamke kijana wa Kikongo kutoka Bukavu, waliyefua naye mashuka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Tangu theluji ianze alimpitia kila siku, bila kuombwa. Ghati akafungua dirisha, akampungia mkono aende zake. Injini ikazimwa. Viatu vikasikika ngazini.

Pamoja na haraka zake zote, Anysie alivua buti mlangoni asichafue zulia. Ghati aliliona hilo.

"Mama Edna, iko nini? Uko mugonjwa?"

"Nenda tu, mwanangu. Utachelewa kazini kwa ajili yangu."

"Tukichelewa, tuchelewe wawili. Ile mashine ya kukausha haina miguu, haitatukimbia."

Ghati akamwonyesha kioo cha kompyuta, akamweleza: upasuaji, duka, wino. Anysie hakucheka.

"Hizi laini za rouge, hizi nyekundu, haziendake kule, Mama Edna. Zinabakiaka hapa kwako."

"Umeshaiona barua ilivyotoka upande wa pili? Kwa macho yako?"

Anysie akafikiri. Angeweza kudanganya.

"Kwa macho, hapana."

"Basi."

Anysie akavuta kiti. "Hii mashine inafikiri unaandika anglais. Njo maana inakasirika. Yangu niliipangia français, ikatulia." Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mpaka likaja dirisha dogo lenye jina la lugha ambayo programu ya barua ilianza nayo kila ilipowashwa: English. Akaligusa, na orodha ndefu ikateremka. Majina yakapita mbio.

"Ngoja!" Ghati akamshika mkono. "Rudi juu. Pole pole."

Pale, chini ya Spanish, juu ya Swedish: Swahili. Ghati akaweka kidole kwenye kioo kana kwamba neno lingetoroka.

"Kumbe tulikuwamo," akasema.

"Iwe hii, kila siku?"

"Iwe."

Mistari ikaanza kufutika, neno kwa neno, kama mtu anayepita na kitambaa. Ukabaki mmoja tu. Chini ya Robi.

Saa saba na dakika arobaini na nane.

"Toa jina," Anysie akasema. "Andika 'mdogo wangu', inatosha."

"Barua bila jina lake? Atasema hata jina nimelisahau."

Anysie akakuna kichwa. "Haya, tuifundishe mashine hilo jina. Hapa, mama. Finya wewe mwenyewe."

Ghati akafinya. Wekundu ukazimika chini ya Robi. Sasa kidole kikakimbia, kikakosea, kikarudi. *Sikuja kumzika mama. Siku ile nilifua mashuka ya watu, nikalia wakati mashine inaunguruma ili nisisikike. Sikukaa huku kwa kupenda. Ukitoka huko ndani, niite hata kwa matusi, nitaitika. Dada yako Ghati.* Jina lake mwenyewe likapigiwa mstari. Mkono wake ukasita juu ya kitufe.

"Fundisha na hilo," Anysie akamnong'oneza.

Saa saba na dakika hamsini na tano barua ikaenda. Wakakikodolea kioo macho. Kisha likaja jibu la Vaileth: *Imefika mama mkubwa. Wanazima taa, naichapisha sasa.*

"Rangi gani?" Ghati akauliza, kana kwamba kompyuta ingejibu.

Anysie alikuwa ameshamshikia koti, mikono ya koti imefunguliwa tayari.

Kwenye barabara kuu magari yalikuwa yamesimama. Taa za breki zilijipanga mbele yao, mstari mwekundu mrefu mpaka kwenye mwinuko. Ghati alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Saa ngapi?"

"Saa nane kamili."

Kule mbali, juu ya mwinuko, taa moja ikazimika. Halafu iliyofuata. Halafu nyingine, wekundu ukifutika kuja upande wao.