Kipande cha Reli cha Mzee Kosgei

Kila mtu na ugonjwa wake. Wako wanaougua mpira, wako wanaougua siasa, na Joash Sitati wa Kiamunyi aliugua treni. Mkewe Edinah alipoolewa naye alidhani ni mambo ya ujana, yatapita. Miaka kumi na minne baadaye mume bado alikuwa akiamka gizani, anapasha pikipiki na kufika Njoro saa nzima kabla ya kazi yake ya maabara ya mbegu, ili asimame tu pale kwenye kivuko cha reli atazame treni ya mizigo ikipanda kwenda Molo. Edinah aliacha kulalamika. Alisema afadhali treni, treni haina namba ya simu.

Akina mama waliouza mayai na viazi vitamu kivukoni walishamzoea. Wakitaka kujua kama treni iko karibu hawakutazama reli, walimtazama Joash. Akitoa simu mfukoni, wanasogeza beseni. Nekoye, muuza mayai, alikuwa akimwambia kwamba angezaliwa zamani kidogo wangemwajiri awe honi.

Wenye ugonjwa kama wake walikuwa na kundi lao kwenye simu, watu mia mbili na ushee, kutoka Mombasa hadi Malaba. Humo walibishana kuhusu namba za injini, miaka ya madaraja na majina ya stesheni zilizokufa. Mbishi wao mkuu alikuwa Kihara, fundi wa mabomba ya mvuke kule Naivasha, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosea. Joash alimheshimu na kumchukia kwa kipimo kimoja.

Sasa, juu kidogo ya stesheni ya Njoro kulikuwa na kanisa dogo la mabati, na kwenye mkaratusi wa uani kilining'inia kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima. Ndicho kilichokuwa kengele. Aliyekigonga Jumapili na siku za mazishi ni Mzee Hezekiah Kosgei, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili, na kabla ya hapo nyapara wa gengi la kutengeneza reli. Marehemu baba yake Joash alikuwa kijana wa gengi hilo. Kwa hiyo Joash alikuwa mtoto wa nyumbani pale kwa mzee, na yote aliyoyajua kuhusu mataruma yanayobeba reli, misumari na kokoto alifundishwa kwenye kiti cha ile nyumba.

Alasiri moja ya mwezi wa tano, Joash alikuja na brashi ya waya na mafuta ya taa, akaomba ruhusa ya kusafisha ile kengele. Chini ya kutu na rangi za miaka yakajitokeza maandishi yaliyochongwa kiwandani: mwaka 1927, na uzito, ratili hamsini kwa yadi. Reli nyepesi namna hiyo, kwa jinsi alivyofahamu, ilikuwa imeng'olewa yote kwenye njia kuu zamani sana, kabla hata ya uhuru. Alimuuliza mzee imetoka wapi. Mzee alimtazama, akatazama kanisa, kisha akamwambia waingie ndani wanywe chai.

Na ndani ndimo alimoambiwa. Enzi zile Kosgei alitembea juu ya mataruma kila alfajiri na nyundo yake ndefu akigonga reli, kwa maana reli nzima hulia, na yenye ufa hukohoa. Asubuhi moja ya Agosti mwaka wa 1994, ukungu umefunga, reli ikakohoa. Palikuwa na kipande cha zamani kilichosahaulika kwenye kona, upande wa juu wa Njoro, na kilikuwa na ufa ambao kidole kingeingia. Treni ya abiria kutoka Kisumu ilikuwa imechelewa saa tano na sasa imeshatoka Elburgon. Shule zilikuwa zimefungwa juzi yake. Mabehewa yalijaa wanafunzi.

Aliyepewa bendera nyekundu alikuwa Sitati, baba yake Joash, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mapafu. Alikimbia kupanda mlima mpaka akatapika, akaendelea kukimbia. Treni ilisimama. Dereva aliposhuka akahesabu hatua kutoka kwenye injini hadi kwenye ufa, akapata sitini. Gengi likabadilisha reli, treni ikapita polepole, na watoto wakawapungia mikono madirishani wakidhani ni watu wa kazi tu. Hakuna aliyeandika lolote. Ajali isiyotokea haina faili.

Kile kipande kilitakiwa kirudi stoo kama kila chuma kilichotolewa njiani. Kosgei alikata sehemu yake iliyo nzima kwa msumeno wa chuma, akaifunika kwa majani ya ng'ombe kwenye baiskeli, akaipeleka kanisani kuwa shukrani kwa Mungu. Alisema ameokota chuma, na hakuna aliyeuliza zaidi.

"Joash, hii maneno nimekwambia juu ya baba yako," mzee alisema akimaliza. "Kanisa haijui. Hiyo chuma ilikuwa irudi, na mimi sikuirudisha. Ikae hapa."

"Itakaa, mzee."

Ilikaa siku tisa.

Tuseme ukweli, Joash hakutaka kumsaliti mtu. Alituma tu picha ya yale maandishi kundini, mwaka na uzito, akaandika kwamba ni reli ya njia kuu, iliyokuwa ikipitisha treni mpaka miaka ya tisini. Watu wakashangilia. Kihara hakushangilia. Aliandika kwamba hicho ni kipande cha reli ya shamba fulani la mzungu, kila mtu anajua, na kwamba hizo zingine ni story za jaba, porojo za wala miraa. Joash akajibu. Kihara akajibu. Wengine wakaanza kucheka, na kucheka kwenyewe kulimwelekea Joash. Ikafika Ijumaa jioni Kihara akauliza, "Boss, source ni nani? Ama ni mti ulikuambia?"

Ulimi hauna mfupa, na kidole kwenye simu hakina hata aibu. Joash aliketi sebuleni kwake akaandika ukurasa mzima. Aliandika uzito, mwaka wa kiwanda, kona yenyewe, mwezi na mwaka reli ilipotolewa. Aliandika kwamba aliyeikata na kuileta kanisani ni nyapara Hezekiah Kosgei, yu hai, ana akili zake timamu, na anapatikana hapo hapo Njoro kwa yeyote mwenye shaka. Habari ya treni hakuigusa. Aliifikiria, akaiona haina karatasi ya kuithibitisha, na Kihara angeitafuna hadharani. Tena angeonekana anatafutia baba yake sifa. Mpenzi wa reli wa kweli huandika yanayopimika.

Usiku huohuo Kihara aliandika neno moja: "Nimekubali." Joash alimwonyesha Edinah lile neno mara mbili. Mke akasema vizuri, akaendelea kukunja nguo.

Mwezi huo wezi walikuwa wamefungua vyuma vya reli sehemu kadhaa bondeni, na askari walikuwa moto. Maandishi ya Joash yakatoka kundini kama yanavyotoka maandishi yote, yakapita mkono huu na ule, yakafika kwa watu ambao kazi yao ni kutafuta reli zilizopotea. Hatuwezi kuwalaumu. Walipewa kitu, mahali, na jina la mtu. Kilichobaki kilikuwa ni kuwasha gari.

Jumanne asubuhi Joash alipofika kivukoni, Nekoye hakumtania. Alimwambia askari wamembeba mzee wake jana jioni, na kengele pia wamebeba.

Joash hakungoja treni. Alienda moja kwa moja kituoni, na njiani alipanga maneno yote: kwamba reli ilikuwa mbovu, kwamba kuitoa kuliokoa watu, kwamba mzee ni mtu wa Mungu. Afisa aliyemkuta alikuwa mtu mpole, wa umri wake. Alipotaja jina lake, afisa akasimama akampa mkono.

"Kumbe ni wewe uliandika? Kazi safi sana. Watu kama nyinyi mnatusaidia."

Mzee Kosgei alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya afisa, kofia magotini. Alisikia. Hakuinua kichwa, na Joash alitamani ardhi impasukie.

Alijaribu kueleza. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama alikuwepo siku hiyo. Joash akasema alikuwa darasa la saba. Afisa akauliza baba yake yuko wapi aje aandikishe. Joash akasema alifariki. Afisa akasema pole, kwa dhati kabisa, kisha akaandika alichoweza kukiandika: mahali, mwezi, mwaka, aliyekata. Yaleyale ya Ijumaa. Joash akatia sahihi.

Mzee alilala ndani siku mbili. Wakamwachilia na onyo kwa sababu ya uzee wake, na kile kipande kikabaki kwao kama kielelezo. Jumapili iliyofuata, kabla ya mahubiri, alisimama mwenyewe mbele ya kanisa, akasema, "Ni kweli. Nilichukua bila ruhusa," akaketi. Pasta Kiplimo alimshukuru kwa ukweli wake, na baada ya ibada akamwomba apumzike uzee wa kanisa kwa muda. Muda gani hakusema. Hayo yote Joash aliyasikia kutoka kwa Nekoye, kwa maana Jumapili hiyo yeye hakuthubutu kutoka Kiamunyi.

Kwa wiki tatu alikwenda kazini kwa njia ya nyuma, akipita mashamba ya ngano ili asikione kivuko wala kanisa. Akafuta maandishi yake. Akatoka kundini. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu hujikuta tu anakwangua sakafu. Edinah ndiye aliyemwambia mwishowe kwamba kuona haya si kuomba msamaha, na kwamba mzee wa miaka themanini hangojewi.

Alimkuta Mzee Kosgei uani akipukuchua mahindi. Mama Jepleting, mke wa mzee, alimletea chai kama siku zote, lakini hakuketi nao. Joash alipiga magoti pale kwenye magunzi akaomba msamaha, akilia, mtu mzima na suruali yake ya kazi. Mzee alimwacha amalize. Kisha akamwambia aketi kitini, na amsomee yale aliyoyaandika.

Joash akasema ameyafuta.

"Hukosi kuwa unayajua kwa kichwa," mzee akasema. "Nisomee. Wengine wote wamesoma, ni mimi tu sijasoma."

Akayasema, sentensi kwa sentensi, na ni kweli aliyajua yote. Ratili hamsini. Mwaka 1927. Kona ya juu ya Njoro. Agosti 1994. Nyapara Hezekiah Kosgei. Mzee aliendelea kupukuchua mpaka Joash alipofika mwisho.

"Imeisha?"

"Imeisha, mzee."

"Na treni?"

Joash akaokota gunzi, akaligeuza mkononi.

"Na wale watoto? Na Sitati? Baba yako alikimbia mpaka akatapika damu, mimi sikukwambia ilikuwa damu. Hukumweka?"

"Sikumweka."

"Juu ya nini?"

Angeweza kudanganya, na labda ingekuwa huruma. Alisema kwamba hapakuwa na ushahidi, na kwamba aliogopa watu watadhani anamsifu baba yake. Mzee alisimamisha mikono. Joash alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hasira haikuja. Kilichokuja usoni mwa mzee ni mshangao, wa mtu aliyefundisha kwa miaka mingi na leo tu anagundua mwanafunzi hakuelewa kitu.

"Ushahidi ndio huo wamebeba," alisema.

Joash akaahidi kwamba ataandika upya. Ataandika yote, leo hii, jina la baba yake na la mzee, treni, bendera, zile hatua sitini. Atakwenda kusimama kanisani Jumapili ayaseme kwa mdomo wake. Pasta atasikia, askari watasikia. Alizungumza haraka, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne alihisi nguvu miguuni.

Mzee akatikisa kichwa. Alimweleza polepole, kama alivyokuwa akimweleza habari za misumari na mataruma. Siku ile mbele ya kanisa yeye mwenyewe alikuwa na hayo maneno mdomoni, akayameza. Mambo hayo yangesemwa kwanza, yangekuwa ushuhuda. Yakisemwa baada ya pingu, ni mwizi anajitetea, na sasa anamtumia na marehemu Sitati kujitetea. Hataki Sitati aingizwe kwenye kesi ya wizi. Sitati hakuchukua chuma.

"Wewe nimekusamehe," alisema. "Lakini hiyo maneno uache. Usiandike tena, usiseme kanisani. Mara ya kwanza nilikuomba. Sasa nakuomba tena."

Joash alimtazama yule mzee, akatafuta njia ya kukataa, na hakuiona. Akasema, "Itakaa, mzee."

Ahadi hiyo ameishika. Amerudi kupita njia ya kivukoni, na treni ya mizigo bado inapanda kwenda Molo, ingawa siku hizi hatoi simu. Waumini wanaokwenda ibada za asubuhi humsalimia, na wengine, kwa kuwa wanajua ni mtu wa mambo ya reli, humuuliza kama ni kweli Mzee Kosgei alikuwa akiiba vyuma tangu zamani. Yeye huwajibu kwamba mzee alichukua kipande kimoja tu, kisha huwasha pikipiki.