Aya Iliyo Pambizoni

Katika ukoo wetu, mtoto hajaanza hata kutambaa ameshaambiwa kwamba Sheikh Warsame, babu wa baba yangu, aliandika Msahafu mzima kutoka moyoni, bila kutazama popote. Tunaringa kwa jambo hilo na sioni haya kulisema. Wengine wana ngamia, wengine wana wabunge. Sisi tuna Msahafu.

Na kwa kuwa uliandikwa kutoka moyoni, hutunzwa na mtu aliyehifadhi Kurani yote kwa moyo. Hiyo ndiyo kanuni yetu. Asiyehifadhi anaweza kuubusu, anaweza kusomewa karibu nao akiugua, lakini kuutunza, hapana. Mimi, Kaaha, mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa, sikuhifadhi. Duksi, madrasa yetu ya Kurani, nilikuwa kichekesho. Aya nilizishika maadamu zilikuwa kwenye ubao. Ubao ukioshwa, nami nimeoshwa. Mdogo wangu Keynan alihitimu kabla ndevu hazijaota, mama akamchinjia mbuzi. Mimi ndiye niliyempika yule mbuzi.

Mafuriko yalipoingia Bura, adeer Yahye, ndugu wa baba yetu aliyekuwa akiutunza Msahafu kule, alihofia unyevu. Nyumba yangu ya Galbet, hapa mjini, ni ya mawe na paa halivuji. Akauleta mwenyewe, umefungwa shuka juu ya shuka.

"Uweke juu," aliniagiza. "Usiuguse bila udhu. Baada ya Idi nitauita ukoo nimkabidhi Keynan. Mimi nimezeeka."

"Sawa, adeer," nilisema. Hakunikataza kuutazama.

Basi kila nikitoka shuleni, baada ya Alasiri, nilichukua udhu, nikauweka Msahafu juu ya mto, nikatazama. Sikusema nilisoma, nilitazama. Mwanzoni niliona kitabu kikuukuu tu. Niliporudia ukurasa uleule ndipo ulipoanza kunifungukia. Wino mweusi ulikuwa wa masizi na utomvu wa mgunga, na bado uling'aa. Irabu zilikuwa nyekundu, rangi ya udongo wa Fafi baada ya mvua. Mwisho wa kila aya palikaa duara la manjano, na hakuna duara lililofanana sawasawa na jirani yake. Nilijifunza kuona mahali kalamu ilipokauka na mahali ilipochovywa tena. Ningeweza kukuonyesha Sheikh alipovuta pumzi.

Nilipofika Sura ya Ar-Rahman nilikwenda taratibu zaidi, kwa sababu naipenda. Kila Mwislamu anaijua ile aya inayorudi na kurudi, ikiwauliza watu na majini ni neema ipi ya Mola wao watakayoikana. Nilifuata kwa kidole, maana mimi bila kidole hupotea. Kidole kikafika mahali aya ile inapopaswa kurudi, na haikuwepo. Mstari uliendelea na maneno mengine.

Nikaikuta pambizoni. Ilipanda juu kando ya ukurasa, herufi baada ya herufi, na mstari mwembamba mwekundu uliirudisha mahali pake. Kuizunguka, Sheikh alichora majani madogo ya mgunga, jani kwa jani, kwa wino wa rangi zote alizokuwa nazo. Hakuna ukurasa mwingine wenye pambo kama lile. Chini yake palikuwa na neno moja la Kiarabu, dogo kama punje ya ufuta: balagha. Imefika. Niliwahi kusoma kwamba wanakili wa zamani waliliandika walipokuwa wakilinganisha nakala na asili yake, kuonyesha kwamba ukaguzi umefika hapo. Nikarudi mwanzo nikalitafuta. Lilikuwepo Msahafu mzima, limejificha kwenye kingo.

Kuruka namna ile ni kwa mtu anayenakili. Jicho linaiacha aya, likirudi linatua chini kidogo, baada ya aya iliyofuata, mkono unaendelea. Sheikh Warsame alikuwa na Msahafu mwingine mbele yake. Alitazama. Alikosea, akarudi, akatazama tena, na pale alipokosea ndipo alipopamba kuliko kote.

Nililia, na hayakuwa machozi ya huzuni. Nilikuwa na fahari ambayo sikuwahi kuwa nayo, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kwamba mtu yule mkubwa ni wangu pia. Na nikautaka ule Msahafu ubaki kwangu, niutunze mimi.

Baada ya Idi sebule yangu ilijaa. Keynan alitoka Dadaab, anakofanya kazi na shirika moja la misaada. Desturi ni kwamba anayekabidhiwa huufungua na kusoma mbele ya wazee. Nikamwomba adeer isomwe Ar-Rahman, naye akakubali.

Keynan aliufungua, akafumba macho, akaanza. Ana sauti, mdogo wangu, hilo simnyimi. Wazee waliyumba taratibu, nao macho wameyafumba. Hivyo ndivyo tulivyousoma siku zote.

Alipomaliza nikamwambia ndugu yangu, "Rudia, walaal, ila ufuate kwa kidole."

"Mwalimu huyo," mtu mmoja akanong'ona. "Sasa ataweka alama." Wakacheka.

Keynan akatii. Kidole na ulimi vilikwenda pamoja mpaka ulimi ukatamka aya ambayo kidole hakikuikuta. Akarudi nyuma, akainama mpaka pua karibu iguse karatasi, kisha kidole kikaufuata mstari mwekundu hadi pambizoni.

"Abaayo, dada yangu," akaniambia polepole, "hii ilikuwa hapa siku zote?"

Nikawaeleza wote nilichokiona. Adeer Yahye alinisikiliza hadi mwisho. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwake hiyo ndiyo hasira.

"Unasema Sheikh alinakili. Mbele ya ukoo wake."

"Nasema alitazama, adeer. Alikuwa amehifadhi, angeweza kuuamini moyo wake. Hakuuamini, kwa kuwa aliogopa kuongeza au kupunguza neno la Mola. Akalinganisha yote. Na alipokosea hakuficha, alipapamba ili tupaone. Sisi ndio tuliofumba macho."

Keynan aliunyanyua Msahafu kwa mikono miwili, akaja akaniwekea mapajani.

"Nimeusoma tangu utotoni, adeer," alisema. "Sijauona hata siku moja. Ubaki kwa Kaaha."

"Hakuhifadhi."

"Najua. Ubaki kwake."

Adeer akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa pembe ya shuka lake, akanyanyuka kwa shida na kuja kukaa kando yangu.

"Nionyeshe," akasema. "Kuanzia mwanzo."

Nikafungua Fatiha. Midomo yake ikaanza kwenda yenyewe, na macho yakaanza kujifumba.

"Usisome bado, adeer," nikamwambia. "Tazama."

Mbele ya ukoo mzima, akanyamaza, akatazama.