Kisanduku cha Simu ya Pili

Siku ya kumi na mbili Fundi aliacha kuitukana mashine kimoyomoyo, akaanza kuitukana kwa sauti. Alikuwa peke yake katika masijala ya hospitali, kwa hiyo hakuna aliyekwazika isipokuwa feni ya dari, ambayo nayo ilikuwa na manung'uniko yake.

Kazi yenyewe ukiieleza inaonekana ya mteremko. Hospitali ilikuwa inaachana na programu ya zamani ya kumbukumbu za wagonjwa na kuhamia mpya iliyoletwa na makao makuu. Mafaili elfu kumi na moja na arobaini yatolewe huku, yageuzwe muundo, yaingizwe kule. Ila kabla ya kuingia, kila faili lilipita kwanza mbele ya programu ya ukaguzi yenye orodha ndefu ya kanuni: tarehe iandikwe hivi, jinsia ichaguliwe hapa, namba ya simu iwe tarakimu tupu. Faili lililovunja kanuni moja tu lilirudishwa na mstari mwekundu, na Jumatatu asubuhi, programu mpya ikianza kazi, mgonjwa wake angefika dirishani akaambiwa hajulikani. Fundi aliibatiza programu hiyo Bwana Sheria, na hakumaanisha sifa.

Bwana Sheria alikuwa haambiliki. Alimkataa mtu aliyezaliwa tarehe thelathini na moja mwezi wa sita, na hapo tuseme alikuwa na haki. Akamkataa pia bibi kizee ambaye tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa "mwaka wa mafuriko", kana kwamba bibi alijichagulia. Akakataa mafaili mia tisa kwa sababu ya nafasi moja iliyoachwa baada ya jina, nafasi ambayo jicho la binadamu haliioni. Fundi alikuwa akirekebisha mia mbili, anakagua, anarudishiwa mia tatu. Jioni alifika nyumbani kichwa kinamgonga, mumewe akimuuliza habari za kazi anajibu "nzuri" kwa sauti ya kufunga mjadala.

Hatimaye yakabaki mafaili mia sita na kumi na moja, yote yakiwa na kosa la aina moja. Katika kisanduku cha simu ya pili, mahali pa kuweka namba ya ndugu wa mgonjwa, mtu alikuwa ameandika X P. Au X S. Au XP pamoja, au X N yenye alama tatu za mshangao. Fundi alimuuliza karani wa masijala, kijana wa watu aliyehamishiwa hapo mwaka uliopita, akajibiwa, "Mimi nilizikuta hivyohivyo." Akamkimbilia muuguzi mkuu koridoni na kumuuliza kama wodini wanaitumia simu ya pili.

"Simu?" muuguzi mkuu akasema bila kupunguza mwendo. "Mama, sisi hata hiyo ya kwanza hatuna muda wa kuipiga."

Basi. Ijumaa mchana, uzalendo ukamshinda. Akaandika amri ya mstari mmoja: chochote kisicho tarakimu katika simu ya pili, futa. Bwana Sheria akapitia mafaili yote tena, akatulia, akarudisha kijani kitupu. Fundi aliutazama ule ukijani kwa dakika nzima, akautuma. Mkuu wa Mradi akapiga simu kutoka makao makuu kumpongeza, akasema hospitali yao ndiyo ya kwanza kufika.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Fundi mwenyewe asingependa lisemwe. Nyumbani kwake, chumba cha mwisho, aliishi mama mkwe wake, na mama mkwe huyo alikuwa karani wa masijala hiyohiyo kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Hakuna mtu duniani aliyeyajua mafaili yale kama yeye. Lakini siku za mwanzo za ndoa, mama huyo aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba kazi ya mkwewe ni kubofyabofya tu. Neno likamkaa Fundi rohoni. Tangu siku hiyo aliapa kwamba habari za kazi yake mama huyo hatazisikia, na kwa miaka sita wakaishi kwa shikamoo, marahaba na heshima tele, kila mmoja na lake.

Jumapili, mezani, mumewe akamtazama. "Leo uso umekunjuka, mwenzangu."

"Nimemaliza," Fundi akasema, na furaha ikamfanya asahau kiapo. "Siku kumi na mbili nasafisha uchafu wa watu. Kisanduku cha namba ya simu, mtu anaandika X P! Jamani, X P ndiyo namba ya wapi? Tena si mmoja, mia sita na kumi na moja. Nimepitisha ufagio, uchafu wote ukaisha."

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Umefagia nini, mwanangu?"

"Hizo herufi, Mama. Nimezifuta."

"Zote?"

"Zote."

Mama mkwe alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Programu ile ya zamani ilipoletwa," akasema, "haikuwa na mahali pa kuandika dawa inayomdhuru mgonjwa. Tuliomba mahali hapo, tukaambiwa tusubiri. Lakini karatasi ya juu ya faili ilikuwa inachapa simu ya pili chini kabisa, kwa herufi kubwa. Nikasema, basi ni hapo. P ni penisilini. S ni salfa. N ni nyuki. Kila muuguzi aliyeingia pale nilimkalisha nikamwambia, kabla hujachoma sindano soma mstari wa chini. Ukiwa na X, simama. Ukiwa mtupu, choma."

Akaisogeza sahani yake kando.

"Kesho watausoma," mama mkwe akasema. "Utakuwa mtupu."

Fundi akapandwa na hasira, na kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuitua, akaitua pale pale. "Kwa nini hukuniambia, Mama? Unajua nafanya kazi pale!"

"Uliniuliza?"

"Ningeuliza niambiwe nabofyabofya?"

"Jamani," mumewe akaanza. Wote wawili wakamgeuzia macho. Akainuka, akaenda kuwasha gari la kuwapeleka wote wawili hospitali.

Masijala ilikuwa imefungwa madirisha na joto limejaa humo kama la jikoni. Nakala ya zamani ilikuwepo. Ujinga wa kuitupa, angalau huo Fundi hakuufanya. Akafungua muundo mpya, akatafuta, akakuta kitu kilichomfanya apige meza kwa kiganja. Kisanduku cha mzio, mahali pa kuandika dawa au kitu kinachomdhuru mgonjwa, kilikuwemo. Kilikuwemo siku zote, chini ya uzito na urefu, kwenye mstari wa chini kabisa wa karatasi mpya, kitupu kwa watu elfu kumi na moja na arobaini, na Bwana Sheria hakuwahi kukilalamikia kwa sababu kanuni zake zilikiruhusu kuwa kitupu. Namba ya simu ya shemeji wa mtu aliing'ang'ania kwa meno. Dawa ya kumuua mtu aliifanya hiari.

"Nani aliandika kanuni hizi?" Fundi akafoka. "Nani?"

"Mtu ambaye hajawahi kukaa dirishani," mama mkwe akasema, akavuta kiti.

Mkuu wa Mradi alipopigiwa simu hakufurahia kusumbuliwa Jumapili. "Una kijani mkononi, unataka nini tena? Dirisha la kupokea mafaili nalifunga saa kumi na mbili jioni. Ukituma upya, ile ya kwanza inafutika. Ikirudi na wekundu hata mstari mmoja, hospitali nzima inaanza kesho bila faili, na habari za mkataba wako usije ukaniuliza."

"Kuna watu watachomwa dawa isiyowafaa."

"Hilo ni la wauguzi. Mimi na wewe tunashughulika na muundo."

Fundi akakata simu bila kuaga. Ilikuwa saa nane na nusu.

Kisanduku cha mzio hakikutaka maneno. Kilitaka namba kutoka kwenye orodha ya dawa na vitu, kurasa tisa. Fundi alisoma herufi, mama mkwe akataja maana, Fundi akatafuta namba. X P zilikuwa nyingi na zilikwenda kwa mkupuo. Zilizobaki ndizo zilizowatoa jasho. "X K?" "Karanga. Hapana, ngoja, namba ya faili? Elfu nne na kitu? Hapo nilikuwa likizo, yule msaidizi wangu aliandika K kwa kwinini." Faili baada ya faili, mama mkwe aliwajua wagonjwa kwa namba kama mtu anavyowajua majirani. Fundi alitaka kumsifu, maneno yakagoma. Bado alikuwa amemkasirikia, na zaidi alikuwa amejikasirikia mwenyewe.

Saa kumi akakagua. Mistari myekundu mia sita na kumi na moja. Palipo na mzio, Bwana Sheria alisema, panahitajika pia tarehe ya kugunduliwa kwake.

"Alikuwa hataki chochote!" Fundi akapiga kelele. "Ukimwachia kitupu anacheka, ukimpa ukweli anataka na tarehe!"

"Weka siku faili lilipofunguliwa," mama mkwe akasema. "Swali la mzio tuliwauliza wagonjwa siku hiyohiyo. Si uongo."

Akaandika amri, akakagua tena. Ukaguzi ulichukua robo saa, ukarudisha makosa arobaini. Wakayasahihisha. Ukarudisha tisa. Wakayasahihisha. Ilipofika saa kumi na moja na dakika arobaini, ulibaki mstari mmoja mwekundu: faili namba mia mbili na kumi na nne, halina tarehe ya kufunguliwa.

"Moja tu, Mama. Hili naliacha nje, kesho nitalitafutia njia."

"Lisome."

Fundi akalisoma. Jinsia, mwanamke. Jina la baba lilikuwa jina la baba wa mume wake. Kwa mwaka wa kuzaliwa, mwenye faili angekuwa amemzidi mume wa Fundi miaka mitatu. Amefika hospitali mara moja. Simu ya pili, X P. Fundi alijua kwamba mumewe aliwahi kuwa na dada; alilijua hilo tu, kwa sababu nyumbani hakuna aliyezungumzia zaidi ya hapo. Akaangalia tena namba ya faili. Kati ya mafaili yote mia sita na kumi na moja, hakukuwa na X iliyotangulia hiyo.

"Kompyuta zilipokuja," mama mkwe akasema, "mafaili yote ya kabatini niliyaingiza kwa mkono wangu. Na hilo pia." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Weka tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu." Akataja na mwaka.

"Ndiyo siku lilipofunguliwa?"

"Ndiyo siku tuliyojua."

Fundi akaiandika, na mstari ukageuka kijani. Alipomaliza, mashine ikamrukisha kwenye kisanduku kinachofuata, kama inavyofanya siku zote: tarehe ya kufariki. Kilikuwa kitupu. Vidole vyake vilisimama juu ya vitufe. Tarehe ya kuweka humo alikuwa ameiandika sasa hivi, hakuhitaji kumuuliza mtu.

Mama mkwe akainama karibu na kioo. "Hicho nacho anakidai?"

"Hapana, Mama. Hicho kinaruhusiwa kuwa kitupu."

"Basi kiache."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Fundi akakiacha, akatuma.