Pembe ya Kitenge

Baba alipofariki alituachia msitu wa mikalitusi juu ya kilima, pale ambapo ukisimama unaliona ziwa lote. Mdogo wangu Casimir alitaka kuukata achome makaa. Mimi nilikataa, na mimi nikikataa nimekataa.

Mwalimu Gérard, Mbelgiji niliyefundisha naye, ndiye aliyetuletea ule mchezo. Unarusha kisahani cha plastiki kati ya miti mpaka kiingie kwenye kikapu kilichofungwa mtini, kisha unakitoa mwenyewe kwa mkono. Anayerusha mara chache ndiye mshindi.

"Yaya Émérence, tucheze," Casimir akaniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Mwenye kushinda njo mwenye musitu."

Nilicheka, nikakubali. Tangu utotoni ugomvi wetu tuliumaliza kwa michezo. Tena Casimir ni katekista wa parokia, kila Jumapili anafoka juu ya waganga na hirizi zao. Mtu kama huyo ataniibia nini?

Jumamosi, salongo, kazi ya pamoja ya kufagia barabara, ilipokwisha, tukapanda kilimani, Gérard akiwa mwamuzi. Lo, msitu ulikuwa mzuri! Majani yalinukia, upepo wa ziwa ukatuchezea visahani vyetu, nikajisemea huyu mpumbavu anataka kugeuza haya yote makaa. Tukafika kikapu cha mwisho tukiwa sawa. Kisahani cha Casimir kikagonga shina, akarusha tena ndipo kikaingia. Akakitoa harakaharaka. Nami nikiingiza kwa mara moja tu, msitu ni wangu.

"Utakosa," akasema. Hakuwa anatania hata kidogo.

Nikarusha. Kisahani kikapinda, kikapita katikati ya miti miwili, kikatua kikapuni. Gérard akapiga makofi. Casimir alipauka kama aliyemwagiwa majivu.

Nikaingiza mkono. Chini ya kisahani, vidole vyangu vikagusa manyoya. Nikatoa kifurushi cha manyoya na kitambaa, kimefungwa uzi mwekundu. Kitambaa kile nilikijua: pembe ya kitenge nilichovaa kwenye msiba wa baba. Kwetu hata mtoto anajua, nguo ya mtu ikikatwa na kufungwa hivyo, anayetafutwa ni mwenye nguo.

"Haiko ya kukuua, yaya!" Casimir akapiga kelele kabla sijauliza neno. "Waganga waliniambia mukono tu njo itafungwa, ukose! Mukono tu!"

Gérard alitutazama, haelewi kitu. Mimi nilikaa chini kwenye majani. Katekista! Mtoto niliyembeba mgongoni, akaingia nyumbani mwangu na mkasi, akafungua sanduku langu! Nilitaka kulia, nikashindwa. Nilitaka kumpiga, nikashindwa pia.

Miti ilibaki.

Jumapili iliyofuata Casimir alisimama mbele ya kanisa kutufundisha. Nilikaa benchi la kwanza, nimejifunga kitenge kilekile, palipokatwa nimepaweka mbele, juu ya magoti. Akafungua kinywa, akapaona, akarudi kukaa.