Foleni Ndani ya Ini Langu

Katika usingizi wa jana niliota nimekaa mezani kwangu, saa saba mchana, na maharage yakakataa kuingia kinywani.

Nijitambulishe kwanza. Mimi ni Beatus, fundi cherehani hapa Njombe. Nina miaka hamsini na miwili. Zamani nilikuwa nikifunga kazi ndipo napita kilabuni kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Siku hizi sisubiri kufunga kazi. Mke wangu, Mama Oresta, anapika kila siku, na kila siku sahani yangu inalala na kawa juu yake. Akiniuliza, namwambia nimeshiba. Simdanganyi. Nakuwa nimeshiba kweli.

Binti yetu Oresta anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na gauni lake nalishona mwenyewe, kwa cherehani ya kukanyaga.

Kwenye ndoto harusi ilikuwa siku hiyohiyo, saa nane. Gauni lilikuwa bado wazi ubavu mmoja.

"Kula kwanza, Baba Oresta," mke wangu akaniambia. "Ukiweka kitu tumboni mikono itatulia."

Nikamega ugali, nikachota maharage. Punje moja iliyokuwa juu ikasema, "Samahani fundi. Huko ndani kuna nafasi?"

"Ipo," nikasema. "Sijala tangu juzi."

"Hatukuuliza umekula lini. Tunauliza nani ametangulia."

Nikamtazama Mama Oresta. Alikuwa anamimina maji kwenye glasi kama kawaida, na glasi ilikuwa haijai.

"Sina muda wa mazungumzo," nikayaambia maharage. "Saa nane natakiwa kanisani."

"Basi twende wote ukajionee," yakasema.

Nikafumba macho nimeze. Nilipofumbua, nimesimama kwenye korido.

Ni korido ndefu, ina joto, kuta zake zinapumua polepole. Mbele yangu kuna foleni. Mchicha umekaa chini umechoka. Yai la kuchemsha limeegemea ukuta. Dagaa mmoja ananisalimia kwa adabu, shikamoo fundi, naitikia marahaba, namuuliza ameanza kungoja lini. Anasema Jumanne. Namuuliza Jumanne ipi. Anaugeukia mchicha auulize.

Mwisho wa korido kuna dirisha, na nyuma ya dirisha amesimama mama mkubwa aliyevaa aproni ya rangi ya damu ya mzee. Amevimba kila upande. Mikono yake haitulii: anapokea, anamimina, anachuja, anapokea tena. Anachopokea ni makopo ya ulanzi. Makopo yanatembea yenyewe, yanatupita sisi wote kwenye foleni bila kuomba radhi, yanafika dirishani na kuhudumiwa.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye mwenye nyumba hii. Naomba maharage yangu yapite."

"Nakufahamu, Baba Oresta," akasema bila kuinua macho. "Mimi ni ini lako. Sijawahi kukaa tangu ulipozaliwa, lakini karibu."

"Mbona hayo makopo hayafuati zamu?"

"Hayana pa kulala. Ugali ukija na kazi ikiwa nyingi, nauweka akiba. Mafuta nayaweka akiba. Pombe haina chumba mahali popote mwilini mwako. Ikiingia, lazima niimalize, tena nianze nayo, maana nikiiacha izurure itaharibu watu. Kinywaji kimoja kinanichukua kama saa nzima. Wewe unaleta kingine kabla sijanawa mikono."

"Lakini ulanzi unanishibisha."

Ini akafungua kopo moja, akaliinamisha nione. Ndani mlikuwa na mzigo wa kuni, zimefungwa vizuri kwa kamba.

"Kuni," akasema. "Moto upo. Sasa niambie, hapo kuna cha kujengea nyama? Kuna cha kutengenezea damu? Ndiyo maana unashiba na suruali inakuvuka. Hiyo uliyovaa umeipunguza mara ngapi?"

Nikatazama kiuno changu. "Mara tatu."

"Fundi mzima unapunguza suruali yako mara tatu, hujiulizi?"

Nikaona nimrudishie yeye swali. "Na wewe mbona umenenepa, kama chakula hakipiti?"

"Sijanenepa. Nimejaa. Mafuta yote yanayokosa nafasi yanalala kwangu." Akainua aproni kidogo. Nyuma yake, magodoro ya mafuta yalikuwa yamepangwa hadi darini. "Hapa nilipofika bado naweza kurudi nilivyokuwa, nikipumzishwa. Nikianza kupata makovu, hapo usinitegemee sana."

Alilisema hilo kwa sauti ileile, kama mtu anayekwambia mvua itanyesha alasiri.

Taa za korido zikafifia. Juu kabisa, ghorofani, sauti yangu mwenyewe ikaita, "Sukari. Tunaomba sukari huku juu."

"Ni ubongo," Ini akasema. "Siku usipokula, mimi ndiye ninayeutengenezea sukari. Leo mikono yote iko kwenye ulanzi. Ungoje."

"Ukingoja itakuwaje?"

"Utatetemeka. Utatoka jasho la baridi. Utasahau ulichokuwa unauliza."

Nikataka kumuuliza kitu kingine, nikawa nimekisahau.

Dada mmoja akaingia akisukuma baiskeli. Alikuwa mwembamba, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Akasema anaitwa Vitamini B1 na kazi yake ni kupeleka mahitaji ya mishipa ya fahamu.

"Wiki hii nimekuja mara tatu, baba," akaniambia. "Kwenye utumbo mlango umevimba kwa pombe, haunipokei. Leo nimepenya kwa shida, nakuta ghala langu humu kwa Ini halina kitu."

"Unampelekea nani?"

"Wengi. Ila miguu ndiyo iko mbali kuliko wote, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukosa. Haijapata habari kutoka kwako kwa miezi mingi. Nasikia imeacha kazi."

"Haiwezi kuacha kazi," nikasema. "Nina gauni la kumaliza."

Hapo nikatazama chini. Suruali yangu ilikuwa inaishia hewani. Nilikuwa nimesimama, lakini sikuwa nimesimama juu ya chochote.

Korido ikawa karakana yangu. Cherehani ipo, gauni liko chini ya sindano, jua la mchana linaingia dirishani. Kwenye benchi la wateja imekaa miguu yangu miwili, imevaa viatu vyangu vyeusi vya harusini, vimepigwa kiwi. Imekaa kwa kutulia, kama watu waliotoka mbali.

"Haraka," nikaiambia. "Njooni mkanyage. Ubavu mmoja tu umebaki."

"Wewe ni nani?" mguu wa kulia ukauliza.

"Mimi Beatus. Mwenyewe."

Ikatazamana. "Huyo tulimfahamu," wa kushoto ukasema. "Alikuwa akikanyaga jiwe, tunamwambia, anaruka. Akikanyaga maji ya baridi, tunamwambia. Baadaye tukawa tunasema, hakuna anayesikia. Tukaanza kuchomachoma kama sindano ili atusikie. Akasema ni baridi ya Njombe, akaenda kunywa apate joto."

Nilikumbuka nimesema hivyo, kwa maneno hayohayo. Nilimwambia Mama Oresta mwezi wa tatu.

"Nisameheni," nikasema. "Leo ni siku ya Oresta."

"Tunajua. Ndiyo maana tumevaa."

"Mnakwenda wapi?"

"Kanisani. Tutamsindikiza sisi. Wewe malizia gauni."

Ikasimama, ikatoka. Nilijitahidi kuifuata, lakini mtu asiye na miguu anachoweza kufuata ni kwa macho tu. Nikajaribu kulishona gauni kwa mkono. Uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Mkono unatetemeka, tundu linatetemeka. Nalamba uzi, naujaribu tena. Nje, watu wanapita wamependeza. Wananipungia. Kengele ya saa nane inalia.

Tayari niko kanisani, nimekaa benchi la nyuma kabisa, na sijui nimeletwa na nani.

Oresta anaingia. Gauni liko wazi ubavuni, na amelishikilia kwa kiwiko ili watu wasione. Pembeni yake, hatua kwa hatua, vinatembea viatu vyangu vyeusi na miguu yangu ndani yake. Juu ya vifundo hakuna kitu. Oresta ameweka mkono hewani, pale ambapo mkono wangu ungekuwa.

"Fundi amepungua sana," mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake.

"Si kwamba nyumbani kwake kuna njaa," mwenzake akajibu. "Mkewe anapika. Yeye ndiye hali."

Mama Oresta alikuwa benchi la mbele. Hakulia. Alikuwa anaitazama ile miguu kwa heshima, kama anavyonitazama mimi mbele za wageni. Hilo ndilo lililonikata maini, na nikasikia Ini kwa ndani akisema, "Polepole huko."

Miguu ikafika mbele, ikasimama vizuri. Padre akafungua kitabu.

"Nani anamleta binti huyu?" akauliza.

Miguu haina mdomo. Kanisa lote likangoja.

Nikafungua kinywa niseme mimi, baba yake. Sauti haikutoka. Nikasikia huko chini, kwenye ile korido, sauti yangu ikimuuliza dagaa foleni imefika wapi, na dagaa akiijibu kwamba kuna makopo yameingia sasa hivi.

Padre akarudia swali. Oresta akageuza shingo, akatazama mabenchi moja baada ya jingine. Alipofika langu, macho yake yalipita juu yangu yakaendelea.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Shuka langu limelowa jasho na mikono inanitetemeka kama kawaida ya asubuhi. Kwa kawaida huwa nanyoosha mkono chini ya kitanda, kuna lita ya ulanzi pale, napiga mafunda mawili mikono inatulia. Jana usiku pia nilikuwa nimeiweka, ila safari hii sikuigusa. Nililala tu natazama dari, naogopa kutazama upande wa miguuni.

Mama Oresta akaingia kunifungulia pazia. Akafika mwisho wa kitanda, akasimama.

"Baba Oresta," akasema. "Usisogee."

"Kuna nini?"

Alikaa kitandani, akaushika mguu wangu wa kulia, akauweka mapajani mwake. Nilijua ameushika kwa sababu niliona mikono yake. Kwenye shuka, chini ya kisigino, palikuwa na doa la damu kubwa kama kifungo cha shati, limeshakauka.

"Una pini humu," akasema. "Imezama yote. Kimebaki kichwa tu."

"Tangu lini?"

"Nikuulize wewe." Akanitazama. "Haiumi?"

Nikafikiri kidogo nijibu ukweli. "Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Nje Oresta alikuwa anafagia, tulisikia ufagio. Kisha Mama Oresta akaishika pini kwa kucha mbili, akaanza kuivuta, na mimi nikamkazia macho usoni, nijue itakapokuwa imetoka.

"Tayari," akasema, akanionyesha.

"Leo usiende shamba," nikamwambia. "Nipeleke zahanati. Nitawaeleza mwenyewe ninavyokunywa, kiasi chote."

Akaifuta ile pini kwa khanga yake. "Utatembea?"

"Nishike mkono," nikasema. "Na uniangalizie ninapokanyaga."