Waya wa Dirishani

...na usiiachie ngazi, shemeji, sakafu yako inateleza, ananiambia mdogo wa mume wangu kutoka juu, nami nimeishika kwa mikono yote miwili, mgongo unaniuma, tangu asubuhi nimeinamia cherehani moja nikifanya kazi ya mbili, maana ile ya mama ilikwenda na mwizi, na huyu fundi umeme wangu wa bure anasema kazi ni ndogo, waya mmoja unatoka kwenye swichi, mwingine ameshaufunga kwenye nondo za dirisha, zimebaki ncha mbili tu, ukiondoka jioni unawasha, ukirudi unazima, kwisha habari, niunganishe?... ananiuliza kama mtu anayeuliza chai iongezwe sukari, nami namwambia ngoja nishike vizuri, na nimeshika vizuri kabisa, huko nje kinyozi jirani ananyoa mtu na mdomo wake haupumziki, unganisha bwana, akinasa asubuhi tunamkuta amekauka, mteja wake anacheka, mwizi ni mwizi, amejitakia... amejitakia, hata mimi nilisema hivyohivyo siku niliyokuta nondo moja imekatwa na meza tupu, nilisema angekuwa mbele yangu ningemchoma kwa pasi, na nilimaanisha, cherehani ile ndiyo iliyotulea, mama alishonea sare za watoto wa watu mpaka macho yakamwisha, halafu polisi anaandika huku anapiga miayo, ananiambia, mama, mali yako tutaitafuta, ila usije ukaua mtu, kesi itakugeukia wewe, nikatoka pale nimenuna, yaani mwizi ana haki, mimi sina? Nikamuuliza wakili, yule ninayempunguzia suruali, amesimama mbele ya kioo nambana kiuno kwa pini, akasema akikujia na panga una ruhusa ya kujiokoa, lakini waya unautega halafu unakwenda zako kulala, hauangalii aliyekuja ana panga au ana njaa, wewe umeshapanga mtu afe kabla hujamwona, nikamwambia tulia, pini itakuchoma, sikutaka kusikia zaidi... niunganishe, shemeji? mikono inakufa ganzi huku... ngoja kidogo, ngoja... nondo moja tu, hilo ndilo linalonikosesha usingizi, mtu mzima gani anapenya kwenye pengo la nondo moja, na ile cherehani ya pili aliyoshindwa kuibeba, aliiacha chini ya dirisha, uzi ameuchomoa na kuuzungusha vizuri, chini ya sindano ameweka kitambaa amekikunja mara nne, mwizi gani ana adabu hiyo, huo ni mkono wa mama, cherehani haihamishwi sindano ikiwa wazi, na mama alikuwa akisema hivyo kwa watu wawili tu, mimi na mdogo wangu, yule tuliyembatiza Ufito kwa wembamba wake... nilijua. Nilijua asubuhi ileile, kitambaa nikakitia mfukoni kabla sijaenda polisi, nikajiambia mafundi ni wengi mjini, kila mmoja anakunja vitambaa, uongo mtupu, kikulacho ki nguoni mwako, na mimi na nguo ndiyo kazi yangu... na kabla ya wizi alikuja, amekonda zaidi, dada, huna kakazi kokote, nikamwambia acha kwanza pombe ndiyo uje, hakuingia, alisimama hapohapo dirishani, tangu utoto ndivyo alivyo, mlango upo lakini yeye atazungumza nawe kupitia dirishani, mkono umeshika nondo... umeshika nondo. Mabega yake, mkono wake, kiuno chake, sihitaji futi, sare yake ya kwanza ya shule niliishona mimi, akikauka hapa watu watakuja kunigongea mimi, fundi, mshonee ya kumzikia, nami nitaketi kwenye cherehani niliyoiokoa nimshonee... na kama si yeye? Kama nimekosea na ni Ufito wa watu wengine, si naye ana dada mahali, dada anayejua kipimo chake bila futi? Atarudi, namjua, atachukua na hii iliyobaki, nitamlaani, nitalia, nitaanza upya na sindano ya mkono kama mwanafunzi, nimechoka kabla sijaanza, Mungu wangu nimechoka... shemeji, anaita tena, sasa amekereka, niunganishe au nisiunganishe? Ncha mbili ziko mkononi mwake, hazijagusana, kinyozi bado anacheka huko nje, nami nimemtazama kutoka chini, ngazi mikononi, natafuta sauti ya kumwambia ashuke.