Katoni Sita za Akiba

Jumatatu saa mbili asubuhi msambazaji alinipigia simu kusema vidonge vya kifafa haviji. Kontena limezuiwa bandarini kwa sababu karatasi moja haina muhuri.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Ishirini, Mama Stoo. Zikizidi sana, ishirini na mbili."

Sikushtuka. Mimi ni mtunza stoo wa hospitali ya wanajeshi wastaafu, nina diploma ya ugavi, na mpango wa kukabili upungufu wa dawa niliuandika mwenyewe. Niliumalizia jikoni huku napika, ndiyo maana ukurasa wa tano una doa la mafuta. Ukurasa huohuo unasema: msambazaji akikwama, chukua katoni sita za akiba zilizohifadhiwa hospitali ya Mtoni. Rahisi kabisa.

Kliniki ya kifafa ni Alhamisi. Kwetu wagonjwa ni ishirini na watatu, wote walioumia vichwa wakiwa kazini, na vidonge vya kila mmoja huisha Alhamisi asubuhi. Nilipanga hivyo kusudi, maana ukiwaachia vya ziada hawaji kupimwa. Mmoja wao ni kaka yangu. Hapa kila mtu anamwita Koplo, hata mimi nikiwa kazini. Ana kipande cha chuma kichwani ambacho madaktari waliona afadhali wakiache. Miaka mitatu sasa hajaanguka. Mara ya mwisho alikuwa peke yake mbele ya jiko linalowaka, na mkono wake wa kushoto haunyooki mpaka leo. Siku ile alikuwa amekosa dozi mbili tu.

Nikapiga Mtoni.

"Dada, nakuja kuchukua akiba yangu," nikamwambia mfamasia wa kule.

"Akiba gani tena?"

"Katoni sita. Vidonge vya kifafa."

"Mama Stoo, hapa hakuna katoni. Akiba yetu sisi iko Reli. Hata mimi naitafuta, msambazaji kanipigia sasa hivi."

Nikapiga hospitali ya Reli. Mwenzangu wa stoo kule ni baba mmoja mpole, huongea kama mtu anayetafuta miwani yake.

"Akiba yetu iko kwenu," akasema.

"Kwetu wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa, mama. Mpango wetu, ukurasa wa pili. Nikusomee?"

"Usinisomee."

Lakini niliinuka nikaangalia. Niliangalia juu ya rafu, nyuma ya magongo ya kutembelea, chini ya meza. Nilipata viatu vyangu vya mvua vilivyopotea tangu mwaka jana. Katoni hakuna.

Jumanne nzima tulisomeana leja kwa simu. Yangu inasema: zimepokelewa sita, tarehe tano mwezi wa tatu, zimetolewa sita, tarehe tisa, kwenda Mtoni. Leja ya Mtoni inasema zimepokelewa tarehe tisa, zimetolewa tarehe kumi na tano, kwenda Reli. Ya Reli inasema zimepokelewa tarehe kumi na tano, zimetolewa tarehe ishirini, kwenda kwetu. Na mimi tarehe ishirini sikupokea kitu. Kila kitabu kina saini na muhuri, hakuna mahali palipofutwa. Ukijumlisha zilizopokelewa tu katika vyote vitatu, kama wizara inavyojumlisha, tuna katoni kumi na nane. Ukinyoosha mkono kuchukua, huna hata moja.

Nilirudia hesabu mara nne. Kila mara ilikuwa sahihi, na kila mara nilielewa kidogo zaidi ya mwanzo, yaani nilielewa kidogo kuliko mwanzo. Mpaka jioni hata maneno yalikuwa yananiponyoka hivyo.

Jumatano Koplo alikuja dirishani, akanipigia saluti kwa ule mkono uliopinda.

"Afande wa stoo!"

"Kliniki ni kesho. Leo umefuata nini?"

"Kukuona. Wifi yako kasema jana umepita nyumbani hukunywa hata chai. Umemnunia nani?"

"Una vidonge vingapi?"

"Viwili. Cha leo jioni na cha kesho asubuhi. Si ndivyo ulivyopanga, mwenye diploma?"

Nilitaka kumwambia. Nikajiuliza namwambia nini hasa, kwamba dawa haipo au kwamba ipo mara tatu?

"Mzigo umechelewa," nikasema. "Ila kuna akiba."

"Iko wapi?"

"Hospitali tatu zinaijua."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha. "Basi nimekwisha! Jeshini tulikuwa na redio moja ya kampuni tatu. Mpaka leo sijui betri alikuwa nazo nani."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia mkono.

Alhamisi saa moja asubuhi nilimpata dereva wa kusambaza dawa, ambaye tunamwita Taratibu kwa jinsi anavyoendesha. Alikuwa kwa wakwe zake siku tatu, simu imezimwa.

"Katoni sita za vidonge vya kifafa," nikamwambia. "Tarehe ishirini mwezi wa tatu ulizitoa Reli. Ulizipeleka wapi?"

"Zile za ukaguzi?"

"Za akiba."

"Ndizo hizo. Mkaguzi akimaliza kwenu nazipeleka Mtoni azione na huko, akimaliza Mtoni nazipeleka Reli. Mwaka wa pili huu nazizungusha."

"Nani alikutuma?"

"Wote mlinituma, mama. Saini yako ninayo."

Ni kweli anayo. Nakumbuka niliomba kuazimwa katoni sita kwa siku nne, mkaguzi aje azione, nikadhani naazima za mwingine mara moja tu, na kwamba zangu zimetulia Mtoni. Kumbe kila mmoja wetu alidhani hivyo.

"Sasa ziko wapi?"

"Kwa fundi. Gari lilikuwa na breki mbovu, akaniambia nishushe mzigo. Nikasahau kuzirudia."

"Fundi yupi?"

"Wa hapo kwenu. Karakana si iko nyuma ya stoo yako?"

Nilitembea hatua arobaini. Fundi alikuwa amekalia katoni mbili, na birika la chai liko juu ya katoni ya tatu. Nyingine tatu zilikuwa ukutani, kavu, kivulini, zimefungwa vizuri. Dawa ilikuwa na miezi saba kabla ya kuisha muda. Kila katoni ilikuwa na karatasi: AKIBA. ISIFUNGULIWE BILA IDHINI YA MWENYE MALI.

Nikapiga Mtoni kuomba idhini. Mfamasia akasema mwenye mali ni Reli, ndio waliotia saini mwisho. Baba wa Reli akasema hapana, wao walizitoa, aliyepelekewa ndiye mwenye mali, ila tafadhali zisifunguliwe kwa sababu mkaguzi anakuja kwao kesho. Nikaenda kwa mganga mkuu.

"Ukizifungua," akasema, "tutakuwa hatuna akiba. Taarifa yetu itatiwa alama nyekundu ya upungufu."

"Na nisipozifungua?"

"Tutakuwa na akiba."

"Na wagonjwa?"

Hakuwa mtu mbaya. Nadhani na yeye alikuwa amepotea mahali palepale nilipopotea mimi.

"Hilo ni tatizo la mzigo mpya," akasema. "Akiba ni suala jingine."

Nilisimama mlangoni nikijaribu kuielewa sentensi hiyo. Najua kuipanga, niliwahi kuandika zinazofanana nayo kurasa kumi na nne. Ilikuwa saa tatu na nusu. Korido ilikuwa imeshajaa wagonjwa wa kliniki, na Koplo alikuwa wa tano kwenye benchi, kikopo chake kitupu mapajani, kidonge cha mwisho amekimeza tangu alfajiri.

Nikarudi stoo nikachukua mkasi, nikaenda karakana.

Ndani kulikuwa na vidonge mia sita kwa kila katoni, hakuna kilichopungua. Kwetu ishirini na watatu, Reli thelathini na mmoja, Mtoni kumi na saba. Vidonge viwili kwa siku. Vingetosha siku ishirini na tano kwa wote, na mzigo ungefika siku ya ishirini na mbili, kama msambazaji anasema kweli. Nikampakia Taratibu fungu la Reli na la Mtoni, nikamwambia leo aendeshe kama watu wengine.

Koplo alipofika dirishani nilimhesabia ishirini.

"Mwezi mzima si sitini?" akauliza.

"Siku kumi kumi, mpaka mzigo uingie."

"Hata mimi? Kaka yako wa damu?"

"Hata wewe. Foleni ni moja."

"Na baada ya siku kumi?"

"Utarudi hapa. Ukinikosa, muulize atakayekuwa amekaa kwenye kiti changu."

Alifunga kikopo, akakitia mfuko wa shati, akafunga na kifungo.

Ijumaa saa sita mkaguzi alipiga simu kutoka Reli. Ameonyeshwa mfuko wa vidonge badala ya katoni sita, na yule baba mpole wa stoo amemwelekeza kwangu.

"Fomu ina sehemu nne," akasema. "Zipo, zimehamishwa, zimeharibika, zimeibiwa. Nijaze ipi?"

"Hakuna hata moja. Zimemezwa."

Nilisikia kalamu ikigongwa mezani.

"Zimemezwa na nani?"

Nikafungua daftari la kliniki pamoja na orodha nilizotumiwa na Reli na Mtoni, nikamwambia aandike, nikaanza kumsomea majina yote sabini na moja, nikianza na la kaka yangu.